Fahamu: Kamera ya utumbo mpana ni salama kiasi gani?

Ukiwa Nakuru, Molo au Naivasha na umefika miaka 45, mwongozo wa Kenya wa 2018 unakuhusu: pimwa saratani ya utumbo mpana hata kama huumwi. Kipimo kimojawapo ni kolonoskopia: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa. Daktari akiona kivimbe, hukikata kabla hakijageuka saratani. Utumbo kutobolewa ni nadra sana. Kinachoharibu kipimo ni utumbo mchafu, kwa hiyo maliza dawa ya kusafisha utumbo hadi utoe majimaji ya manjano yasiyo na uchafu. Muulize daktari bila haya: huchukua angalau dakika 6 akiutoa mrija? Akiharakisha, vivimbe vidogo humponyoka. Na damu kwenye choo usiisingizie bawasiri; nenda hospitali wiki hii.