Bwate ya Vitesi Iliungua: Kosa Lilikuwa la Nani?



Wengi wenu mliiona motokari ya chama ikirudi kutoka barabara ya Likasi juu ya lori, na mikungu ya samaki imehamishiwa kwa watu wengine. Ni ile Noah ya zamani, yenye vitesi nne, tuliyoinunua kwa likelemba yetu ili samaki wa Tshangalele na makala yetu vifike sokoni bila kungoja nafasi ya watu. Siku ile injini ilikuwa inalia vizuri, lakini magurudumu hayakuvuta tena. Bwate ya vitesi ilikuwa imekufa.

Jioni ile maneno yalikuwa mengi kuliko watu. Sisi wenyewe tulisema: huyu kijana wetu anacheza na vitesi kama mtoto na redio. Kila dodane anashusha, kila mstari wa malori anaweka N, mstari ukisogea kidogo anarudisha D. Bwate gani itavumilia? Katika mkutano tukakubaliana karibu wote kwamba akatwe mshahara mpaka deni liishe. Kijana hakujibu kitu. Mama yake, ambaye ni mwenzetu, aliinama tu.

Kabla ya kuandika uamuzi ule katika kitabu, mama mmoja mzee akasema: mgonjwa hajapimwa na ninyi mmekwisha kumzika. Basi tukaenda Likasi, watatu kutoka komite pamoja na kijana, kumuona mekanisie aliyepokea motokari.

Mekanisie hakusema mengi. Alichukua sahani mbili nyeupe. Katika ya kwanza akamimina mafuta mapya ya bwate otomatiki: mekundu, yanang'aa kama mafuta ya mawese yaliyochujwa. Katika ya pili akamimina yaliyotoka katika bwate yetu: meusi, yana harufu ya maharagi yaliyoshika chini ya chungu. Kisha akatuonyesha sumaku ndogo inayokaa chini ya bwate kwa kukamata unga wa chuma. Ilikuwa imefunikwa na tope la kijivu.

Akauliza: “Wamama, mafuta haya mliyabadilisha lini?”

Tukatazamana. Kijana akafungua kitabu cha motokari. Mara mbili alikuwa ameandika kwamba mafuta ya bwate yabadilishwe. Mara mbili komite, maana yake sisi, tuliandika pembeni: “Ingoje. Motokari inatembea vizuri.”

Ndiyo sababu tunaandika habari hii, maana wengi katika jamaa zetu wana Ist, Noah na motokari nyingine za Japani zinazofika hapa kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Zambia na Kasumbalesa. Karibu zote ni otomatiki, na karibu sisi wote tulijifunza mambo ya motokari katika zile zenye pedali tatu.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Katika motokari ya pedali tatu, mguu wa shofere ndio unaotenga injini na magurudumu wakati wa kubadilisha vitesi. Katika otomatiki, kazi hiyo inafanywa na mafuta. Fikirini feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa mafuta. Injini inazungusha feni ya kwanza, mafuta yanasukumwa, na feni ya pili inazunguka kwa nguvu ya mafuta hayo. Kwa sababu hiyo motokari inaweza kusimama katika D huku injini inawaka, bila kuzimika.

Nyuma ya feni hizo kuna sahani nyembamba nyingi zilizopangwa kama sahani kabatini. Kila vitesi ina mpango wake wa sahani zinazobanwa. Vitesi inapobadilika, pompi inasukuma mafuta, sahani fulani zinaachiana na nyingine zinabanana. Kabla hazijashikana kabisa zinasuguana kwa muda mfupi sana, na hapo joto linazaliwa. Sugueni viganja vyenu kwa nguvu mtaelewa. Pakeni mafuta halafu sugueni tena, mtaelewa pia kazi ya mafuta.

Sasa tujibu lile tulilomshitaki nalo kijana. Je, kubadilika kwa vitesi mara nyingi kunamaliza bwate? Ndiyo, lakini kidogo kidogo, na bwate iliundwa kwa kazi hiyo. Motokari ya vitesi nne, kila inapotoka kusimama mpaka kukimbia vizuri barabarani, inabadilisha mara tatu. Ikisimama mara 50 kati ya Likasi na Lubumbashi, hiyo ni mara 150 za kupanda peke yake, bila kuhesabu za kushuka. Kama kubadilika tu kungeua, hakuna taksi ya mjini ingemaliza mwaka. Mafuta yakiwa mazuri na joto likiwa la kawaida, yaani digri 80 hadi 90 hivi, sahani zinasuguana na kupoa, zinasuguana na kupoa. Mafuta yakizeeka, hayapozi wala hayabani vizuri. Sahani zinateleza, kuteleza kunaongeza joto, na joto linachoma mafuta yaliyobaki. Hivyo ndivyo ilivyokufa bwate yetu.

Kitu cha pili kilichoiua ni mzigo. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapakia: samaki, makala, mifuko ya unga, na wamama wanne juu. Kwenye mlima, motokari yenye mzigo mzito inapanda vitesi ya nne, inashindwa, inarudi ya tatu, inapata nguvu, inajaribu ya nne tena, inashindwa tena. Kurukaruka huko ndiko kubadilisha vitesi kwa namna mbaya kabisa, kwa sababu sahani zinasuguana chini ya uzito wote na hazipati muda wa kupoa. Na hapo shofere hajagusa kitu. Dawa yake ipo karibu na mkono: motokari nyingi za aina hii zina kifungo cha O/D pembeni ya mti wa vitesi. Ukikibonyeza, taa ya “O/D OFF” inawaka na motokari haitatafuta tena vitesi ya nne. Ukimaliza mlima, unakibonyeza tena. Kwenye mteremko mrefu pia O/D OFF, au 2, inasaidia injini kuzuia motokari ili breki zisichemke.

Lakini kijana wetu naye alikuwa na makosa yake, na mekanisie alimwambia mbele yetu, kwa upole.

Kosa la kwanza: kutia R wakati motokari bado inakwenda mbele, au D wakati bado inarudi nyuma. Hapo sahani zinafanya kazi ya breki, kazi isiyokuwa yao. Simamisha kabisa, mguu kwenye breki, ngoja motokari ishike vitesi, ndipo uondoke.

Kosa la pili: kuweka N kwenye mteremko eti kupunguza esanse. Katika motokari za siku hizi, ukiachia pedali huku vitesi imeshika, injini inakata esanse yenyewe. Ukiweka N, inabidi inywe ili isizimike. Tena, unapata mteremko bila msaada wa injini, na ukirudisha D kwa kasi, sahani zinapata kishindo. Kuzima injini kabisa ni kubaya zaidi, kwa sababu pompi ya mafuta inazungushwa na injini. Injini ikilala, bwate inazunguka pakavu.

Kosa la tatu ni lile la N na D kila nukta kwenye mstari. Ukisimama muda mfupi, kaa katika D na mguu kwenye breki. Mstari ukikaa sana, weka N au P, vuta breki ya mkono, halafu pumzika. Kosa hili ni dogo kuliko yote, na ndilo tulilokuwa tunampigia kelele.

Kwa sababu hiyohiyo ya pompi, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Betri ikifa, msiwaite watoto wa mtaa kusukuma. Tafuteni waya na betri nyingine. Na ikikwama, msiivute kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa chini. Ibebwe.

Namna ya kupima mafuta ya bwate, kwa motokari zenye kijiti chake: motokari itembee kwanza ipate joto, isimame mahali pa sawa, injini iendelee kuwaka. Mguu kwenye breki, pitisha mti wa vitesi polepole P, R, N, D, mpaka mwisho, urudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, soma upande ulioandikwa HOT. Tazameni rangi na mnuse. Angalieni pia aina ya mafuta. Noah nyingi zilizotoka tangu 2007 zina bwate iitwayo CVT, ambayo haina vitesi za ngazi bali ukanda wa chuma, na mafuta yake ni mengine. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yanaiharibu.

Tuliporudi, tuliita mkutano tena. Lile neno la kukata mshahara lilifutwa. Bwate nyingine ya mitumba imelipwa na sanduku la chama, na ndiyo maana zamu za likelemba zimesogezwa mbele. Tunajua wamama wawili walikuwa wanangoja zao kwa karo ya masomo, na tumewaomba radhi nyumbani kwao. Kuanzia sasa, katika kila safari fungu dogo linawekwa pembeni kwa mafuta ya bwate, na fungu hilo halikopwi. Yatabadilishwa kila kilomita 40,000, au mapema kama rangi imegeuka. Mzigo utakuwa na mpaka, hata kama mwenye mzigo ni mwenyekiti.

Kijana wetu tulimuomba msamaha mbele ya wote, kwa kuwa tulimshitaki mbele ya wote. Mama yake safari hii aliinua kichwa. Na katika kitabu cha motokari, chini ya yale maneno yetu “Ingoje,” tumeandika tarehe na sahihi zetu: “Imebadilishwa.”