Chuo ambacho hujakiona

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa mwezi wa Julai, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingiwa na furaha. Furaha hiyo haikawii kufuatwa na mashaka. Kijana amepeleka maombi vyuo vitatu, na viwili vimemkubali. Kimoja kipo Tunguu, mwendo wa daladala kutoka mjini Unguja. Cha pili kipo Arusha, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo yeye wala wazazi wake hawajapata kukanyaga. Anatakiwa achague kimoja na kuthibitisha kwa namba ya siri aliyopelekewa katika simu, kabla ya tarehe iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Siku zilizobaki zinahesabika kwa vidole.

Hapo ndipo jamaa wote hukusanyika barazani, simu moja ikipita mkono hadi mkono, wakitazama picha za majengo yaliyopakwa rangi mpya na wanafunzi wanaocheka bustanini. Mjomba husema Arusha kuna baridi. Jirani husema mtoto wa fulani alisoma huko na sasa ana kazi nzuri. Mwishowe uamuzi wa miaka mitatu au minne, na wa fedha zilizotokana na karafuu au mwani, huegemea juu ya picha na maneno ya jirani. Huko ndiko Waswahili wanakokuita kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuwalaumu wazazi. Kutoka Pemba hadi Arusha ni kuvuka bahari mara mbili, kwanza hadi Unguja na kisha hadi Dar es Salaam, halafu kupanda basi la kutwa nzima katika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwa safari ya kilomita zipatazo 640. Jamaa ya mvuvi ikitumia nauli hiyo kwenda kukagua chuo na kurudi, huenda nauli ya kumpeleka mtoto masomoni ikakosekana. Kwa hiyo swali letu si kwamba kijana aende akaone ama asiende. Swali ni hili: asiyeweza kwenda kuona, yampasa ajue nini, na amwulize nani?

Jambo la kwenda kusoma mahali usipopajua si geni kwetu. Vijana wa Visiwani waliokwenda Makerere zamani walipanda meli hadi Mombasa, na kutoka hapo garimoshi hadi Kampala, bila ya kuwa wamewahi kuuona mji huo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 hakikuwa hata na majengo yake. Wanafunzi wachache wa sheria walianza masomo katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Lau wale wa kwanza wangechagua kwa kutazama majengo, pasingekuwa na cha kutazama. Walichokifuata ni somo na walimu wa somo hilo.

Hata katika zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, somo ndilo lililomchagulia mtu mahali. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Leo mambo yamebadilika. Vyuo ni vingi, somo moja hufundishwa mahali kumi, na tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, badala ya kupitia mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Ndiyo maana kijana mmoja aweza kukubaliwa na vyuo viwili au vitatu kwa mara moja. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, na mzigo wa kuchagua umeongezeka pamoja nao.

Sisi tunaona kwamba yapo mambo manne ambayo mtu aweza kuyajua akiwa Micheweni au Makunduchi, bila ya kupanda chombo, na ambayo yana uzito kuliko picha yoyote.

La kwanza ni mahali penyewe. Neno Arusha katika jina la chuo halimaanishi mahali pamoja. Chuo cha Uhasibu Arusha kina makao yake Njiro, lakini kina kampasi pia Babati, Dodoma na Dar es Salaam. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kipo mjini. Chuo Kikuu cha Arusha na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira vipo Usa River, kando ya barabara ya Moshi, yapata kilomita 20 nje ya jiji. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi kipo upande wa pili, barabara ya Nairobi. Mzazi aliyemkodia mwanawe chumba Engutoto, akidhani chuo ni cha mjini, aweza kukuta mtoto anasafiri kila siku kwenda Usa River kwa nauli ambayo haikuwamo katika hesabu. Barua ya kukubaliwa isomwe mpaka mstari wa mwisho, na kampasi ijulikane kwa jina.

La pili ni idhini na ngazi ya masomo. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na baadhi ya masomo katika vyuo vingine yalizuiwa vilevile. Kwa hiyo haitoshi kwamba chuo kinatambuliwa. Lazima somo lenyewe liwemo katika mwongozo wa Tume wa mwaka huo. Ngazi nayo huwapotosha wengi. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru ina sifa njema, na jina lake humvutia kila mzazi, lakini ilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 ilianza na wa uzamili na uzamivu, yaani watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Kijana aliyetoka Kidato cha Sita akiambiwa na wakala kwamba amemtafutia nafasi katika taasisi ya namna hiyo, na ajihadhari na wakala huyo.

La tatu ni fedha. Ada iliyoandikwa juu ya barua ni sehemu tu ya gharama. Kuna michango, bima ya afya, vitabu, chumba, chakula, na nauli ya kurudi nyumbani. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ipo ile ya Muungano iliyoanza kazi mwaka 2005. Hata hivyo kukubaliwa na chuo si kukubaliwa na Bodi. Mwenye nafasi mbili na aandike gharama za vyuo vyote viwili katika karatasi moja, na pembeni aandike ni kiasi gani kitapatikana hata mkopo ukikosekana. Karatasi hiyo itasema mengi.

La nne ni maisha ya kila siku. Arusha ipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Anayefika Novemba haioni baridi ya kweli. Ataiona Juni na Julai, na mablanketi hununuliwa kwa fedha. Yapo pia mambo ya dini. Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato, ambao siku yao ya ibada ni Jumamosi. Makumira ni cha Walutheri. Hatusemi kwamba kijana wa Kiislamu asiende huko. Tunasema kwamba mzazi aulize mapema juu ya chakula, mahali pa kusalia, na utaratibu wa mwezi wa Ramadhani, ili mtoto asiyakute hayo kwa kushtukia. Kuuliza si ujinga.

Na kama baada ya kuuliza yote hayo karatasi inaonyesha kwamba somo hilo hilo linafundishwa vizuri Tunguu kwa nusu ya gharama, basi kubaki nyumbani si woga. Vivyo hivyo, kama somo analolitaka kijana lipo chini ya Meru na halipo Visiwani, asizuiwe kwa sababu tu ya hofu ya baridi na umbali.

Sasa tunawageukia wakuu wa serikali, kwa maana si haki kumtaka kijana aulize ilhali hakuna wa kumjibu. Tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, kila barua ya kukubaliwa itaje wazi jina la kampasi, jumla ya malipo yote kwa mwaka, na kama nafasi ya bweni ipo au haipo, tena ifike kabla ya muda wa kuthibitisha kwisha. Chuo kinachojua idadi ya vitanda vyake hakina sababu ya kuificha.

Pili, miezi ya kuthibitisha, Agosti na Septemba, ndiyo miezi ya likizo ndefu. Wakati huo wanafunzi wa Visiwani wanaosoma Arusha huwa wamerudi makwao. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ikishirikiana na wakuu wa wilaya, yaweza kuwakusanya kwa siku moja Unguja na siku moja Pemba, wakazungumza na wenzao wapya na wazazi wao. Ukumbi wa skuli unatosha, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kijana anayeacha masomo katikati ya mwaka. Uhamisho baina ya vyuo huruhusiwa, lakini kwa masharti na kwa muda maalumu. Anayechelewa huupoteza mwaka, na fedha zilizokwisha kulipwa ni shida kuzirudisha.

Kijana anayeishika simu hiyo barazani usiku wa leo hawezi kuuona Mlima Meru kutoka Pemba. Lakini aliyelala chini ya mlima huo mwaka mzima yupo kijiji cha pili, amekuja kupumzika kwa wazazi wake. Tunawaomba wahusika wawakutanishe wawili hao kabla namba ya siri haijaandikwa.