Bustani ya Kutembea Polepole

Leo twapenda kusema nanyi juu ya bustani ya nyumbani. Si ile ya mchicha na nyanya, bali mahali pa kutembea polepole jua lipunguapo, moyo upate kutulia. Wengi hudhani ya kuwa bustani hiyo ni anasa ya wenye maji ya bomba na watumishi. Sisi twaona sivyo. Hapa Usukumani msingi wake upo tangu zamani, nao huitwa ngitili.

Ngitili ni ardhi iliyofungwa. Mvua zianzapo, mwezi wa Novemba au Desemba, mifugo huzuiwa kuingia, nyasi zikakua. Kiangazi kikikaza, yapata Julai au Agosti, hufunguliwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe walio dhaifu. Ziko za kijiji, na ziko za jamaa moja, karibu na nyumba. Hii ya nyumbani ndiyo tuisemayo.

Hasara ya kuipoteza twaijua. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kufukuza mbung'o. Mashamba ya pamba yakaongezeka. Na miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe. Nchi ikawa tupu. Ndipo mwaka 1986 serikali ilipoanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu: visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe, ilipopata kupumzishwa.

Basi, atakaye bustani ya utulivu na aanze kwa kufunga, si kwa kupanda. Azungushe ua wa minyaa; vipandikizi vyake hushika hata penye maji haba. Lakini awakataze watoto kuvivunja, maana utomvu wake huunguza macho. Kisha angoje mvua ipite, aone kilichomo ardhini mwake. Katika kila kisiki abakize machipukizi mawili au matatu yaliyonyoka, mengine ayapunguze. Pale atakapo kuketi apande mkwaju, ambao wajukuu nao watapata kivuli chake.

Njia isiteremke moja kwa moja. Njia iteremkayo hivyo huwa mfereji wakati wa mvua, na baada ya miaka michache ni korongo. Ipinde, ikate mteremko kwa ubavu, ipite chini ya mti mmoja na mwingine. Hivyo maji hupungua mwendo, na mtembeaji naye hupunguza wake. Penye udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka kiangazi, njia na iinuliwe kwa changarawe.

Kwa wenzetu wa Geita na penginepo palipo na machimbo, twaongeza onyo. Mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu kwa zebaki usitandazwe njiani wala bustanini, hata ukiwa mweupe na laini. Sumu yake haionekani kwa macho, na watoto huchezea mchanga.

Limebaki jaribu moja. Utakuja mwaka ambao mvua ni haba, ng'ombe wanalia, na jirani anataka kuni. Siku hiyo mwenye bustani ataona heri kuifungua yote. Asifanye hivyo. Afungue sehemu, na nyingine aiache imefungwa, kwa kuwa mzizi uliobaki hai ndio malisho ya mwaka ujao. Wazee walioweka ngitili hawakutenga raha na riziki: walipotembea jioni kutazama nyasi, walikuwa wakipumzika, na papo hapo walikuwa wakihesabu akiba yao. Nasi twawaombea ninyi nyote jioni za namna hiyo.