Msafiri Aingiapo Soko la Gakoromone

Mkulima wa skimu ya makazi husafiri mara nyingi kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Huenda kwenye maonyesho ya kilimo, huenda kutazama ng'ombe wa kununua, huenda arusini au matangani kwa jamaa waliobaki katika nchi ya wazee wake. Na arudipo nyumbani si desturi kuingia mikono mitupu. Lazima alete kitu cha mahali alikokwenda, nacho kitu hicho hununuliwa kwa haraka, gari likinguruma, mwenye gari akipiga honi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, za msafiri na za yule aliyekitengeneza kitu chenyewe.

Tutazame mahali pamoja tu, yaani soko la Gakoromone katika mji wa Meru, kwa maana mambo ya huko yanafanana na ya masoko mengi.

Mji wa Meru umekaa kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, na mstari wa ikweta hukata barabara ya Embu kilomita chache tu kusini yake. Sababu ya soko hili kuwa na vitu vingi ni kwamba nchi huteremka upesi sana. Viazi hutoka Kibirichia na Timau kwenye baridi, ndizi hutoka Imenti, na ukishuka upande wa mashariki mpaka Tharaka, ambako jua ni kali na mvua haba, hutoka mtama, uwele, pojo na asali. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mahali pamoja akanunua mazao ya baridi na ya joto. Mchele wa Mwea nao hufika, na wengine husema kila mchele mweupe ni pishori wa Mwea. Lakini pishori wa kweli hujulikana kwa harufu yake hata kabla haujapikwa, na wachuuzi wasio waaminifu huuchanganya na mchele wa bei rahisi. Tia mkono ndani ya gunia uchote wa chini, usiridhike na ule wa juu.

Sasa kiondo. Hiki ndicho kitu ambacho msafiri hukitaka zaidi, na ndicho asichokijua zaidi. Kiondo ni kazi ya akina mama wa Meru, Tharaka, Embu, Mbeere, Kikuyu na Ukambani, na kila upande una namna yake ya mistari na rangi. Zamani nyuzi zake zilitoka katika maganda ya vichaka vya porini, na kwa Wakamba maganda ya mbuyu pia. Katani ilikuja baadaye. Mkonge ni mmea wa Mexico. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka miche hiyo michache yalipatikana mashamba makubwa ya Tanganyika, kisha mkonge ukaenea Kenya, mpaka leo wakulima wengi wanao kwenye mipaka yao kama ua, wala hawaufikirii kuwa ni mali.

Kazi yenyewe ni hii. Jani hukatwa, likakwaruzwa mpaka nyama ya kijani iishe (maji yake huwasha ngozi sana), nyuzi zikaoshwa na kuanikwa. Kisha mama huzisokota juu ya paja lake, kidogo kidogo, mpaka apate kamba nyembamba zilizo sawa. Baada ya kutia rangi, huanza kusuka kutoka kitako, akizunguka na kupanda juu. Wako wanaosuka huku wakitembea kwenda sokoni. Kazi hii haina mashine, wala haina njia ya mkato.

Au niseme, njia ya mkato ipo, nayo ndiyo iliyoharibu biashara. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipendwa mno Ulaya na Marekani, wanawake wa huko wakavibeba mabegani vikiwa vimeshonwa mikanda ya ngozi. Mara vikatokea vikapu vya kuiga kutoka nchi za Asia, na bei ikaanguka. Hapa kwetu nako wasukaji wengi waliacha katani wakashika nyuzi za nailoni na sufi za dukani, kwa kuwa haziwashi na hazihitaji kusokotwa. Mimi sisemi kwamba kiondo cha nailoni ni kibaya; hubeba viazi vizuri sana na hakiozi. Lakini si haki kukiuza kwa bei ya katani, wala si busara kukinunua kwa bei hiyo.

Kupima ni rahisi. Omba ruhusa ya mwenyewe, kata ncha ya uzi inayoning'inia ndani, uiwashe moto. Katani huungua kama karatasi ikabaki majivu. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu jeusi. Rangi nayo ipime kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo; ikitoka kwenye kitambaa, siku ya mvua itatoka kwenye nguo yako. Kisha kitazame kitako: mishono iwe imebana, na kiondo kikielekezwa juani kisionyeshe matundu makubwa.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, kiondo kimerudi kuwa chombo cha kila siku. Hiyo ni nafasi njema kwa wasukaji, ikiwa wanunuzi watajua thamani ya kazi. Na hapa ningependa msomaji achukue kalamu.

Tuseme mama mmoja husuka saa 3 kila jioni baada ya kazi za shamba, na kiondo cha kadiri kimemchukua siku 14. Hizo ni saa 42. Katani na rangi, kama alinunua, zimemgharimu shilingi 250. Mchuuzi anampa shilingi 600. Toa 250, zinabaki 350. Gawanya kwa 42, amepata shilingi 8 na senti 33 kwa saa. Sasa aje msafiri hodari wa kuvutana bei, amtoe mama huyo mpaka shilingi 500. Zinabaki 250, yaani chini ya shilingi 6 kwa saa. Msafiri atapanda gari akijisifu kwamba amefaulu. Lakini je, kuna mtu hata mmoja katika gari lile ambaye angekubali kupalilia shamba la mwenzake kwa shilingi 6 kwa saa? Kama mama huyo angepata mnunuzi wa shilingi 1,500 bila mchuuzi kati yao, angebakiwa na 1,250, karibu shilingi 30 kwa saa. Hata hiyo si utajiri. Bei hizi ni za mfano tu wa hesabu. Kila mtu aweke za sokoni kwake.

Sisemi msafiri asivutane bei. Sokoni watu huvutana, na mchuuzi asiyevutwa hushangaa. Lakini kuna namna. Kwanza amkia, ukisema "Muuga" utaona uso ukichangamka, hata kama Kimeru chako kinaishia hapo. Uliza, "Mama, hiki umesuka wewe mwenyewe?" Kama ni yeye, atakuonyesha alipoanzia na rangi ilikotoka, na wewe utajua unalipia nini. Kama ni mchuuzi, mvute kwa kadiri ya faida yake. Na usivutane bei ya kitu usichokusudia kununua, maana unampotezea saa yake ya soko.

Asali nayo ina maneno mengi. Asali ya Tharaka na Mbeere imesifiwa tangu zamani, nyingi ikitoka katika mizinga ya magogo inayotundikwa mitini. Watu hufundishana kuipima kwa kijiti cha kiberiti au kwa tone ndani ya maji. Majaribio hayo hayaaminiki. Sharubati nzito ya sukari huyashinda. Wala usiikatae asali kwa sababu imeganda, kwa maana asali safi huganda yenyewe, na ukiiweka chupa katika maji ya moto kiasi hurudi kuwa laini. Inayofaa kuogopwa ni asali nyepesi kama maji, yenye povu na harufu ya pombe, kwa kuwa maji yamezidi nayo imeanza kuchacha. Njia iliyo bora ni kununua kwa mtu mmoja anayejulikana, au chupa yenye jina la chama na alama ya ubora. Ukiichukua katika chupa ya maji ya mtaani, usilaumu nyuki.

Wanaoendelea kaskazini watafikia Isiolo, ambako vijana huleta bangili za shaba na visu mpaka dirishani mwa gari. Shanga za Wasamburu mtu atazikuta huko pia, nazo zina habari ya ajabu: vioo vyenyewe vingi hutoka nchi ya Cheki, lakini rangi na mpango wake ni akili ya akina mama wa Kisamburu. Kwa vinyago, jihadhari na mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu ukaitwa mpingo. Mpingo ni mzito. Kidole chenye mate hakitoki cheusi. Tena mti uliochongwa mbichi hupasuka ukifika nyumbani.

Kuna vitu ambavyo havifai kununuliwa kwa bei yoyote. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya vitu vya wanyama wa porini. Pembe ya ndovu, ngozi ya chui, gamba la kasa, hata kama muuzaji anasema ni cha babu yake, vitakupeleka mahakamani, na sheria ya mwaka 2013 ilizidisha adhabu. Miraa ni mazao halali hapa Kenya na riziki ya watu wengi wa Igembe na Tigania. Lakini asiyevuka mpaka na asidhani sheria ni moja. Uholanzi iliikataza mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Tanzania huihesabu kuwa dawa ya kulevya. Mzigo mdogo wa kumfurahisha rafiki umewafunga watu.

Neno moja kwa wasomaji wenye mkonge kwenye mipaka ya mashamba. Majani ya nje huwa tayari kukatwa baada ya miaka mitatu hivi tangu kupandwa, na mama mwenye katani yake mwenyewe katika ile hesabu yetu amekwisha kuokoa sehemu kubwa ya zile shilingi 250. Akina mama watano au sita wakisuka kwa kipimo kimoja, wakafunga karatasi ndogo yenye jina la kikundi, kimo cha kiondo na namba ya simu ya kulipia, msafiri aliyependezwa ataweza kuagiza cha pili bila kumpitia mchuuzi. Karatasi hiyo ifungwe kwa uzi wa katani, kwa maana pini hutia kutu ikaharibu rangi.