NANI ANAMLIPA MPIGA PICHA WA HOSPITALI?



Mama mmoja wa kijiji chetu alikuja zahanati akiwa na hasira. Mtoto wake alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe akaumia mkono. Mkono ulivimba na kupinda. Nilimwandikia barua ya rufaa ili aende hospitali kupigwa picha ya eksirei. Mume wake ni mwalimu, kwa hiyo wana kadi ya bima ya afya.

Huko aliambiwa: "Bima inalipa picha tu. Mimi mpiga picha hainilipi." Mama akatoa shilingi 5,000. Zilikuwa nauli ya kurudia. Walirudi kwa miguu, mtoto akiwa na hogo mkononi.

"Mganga," aliniuliza, "ni kweli bima haimlipi yule?"

Swali hili ni zuri. Wengi wameliuliza.

Kwanza tuitazame kazi ya mpiga picha. Si kazi ya kubonyeza kitufe tu. Yeye humlaza mgonjwa vizuri, hupima kiasi cha mionzi, na hukinga watu wengine wasipigwe na mionzi hiyo. Mionzi haionekani kwa macho, lakini ikizidi hudhuru. Ndiyo maana humwuliza mwanamke kama ana mimba. Nchini Tanzania kuna sheria ya mwaka 2007 inayowahusu wataalamu wa picha za hospitali. Lazima wasajiliwe na baraza lao. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa shilingi 3 katika kila shilingi 100 za mshahara. Mwajiri wake huongeza 3 nyingine. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 hukatwa 15,000, na mwajiri huongeza 15,000. Jumla ni 30,000 kila mwezi. Kwa hiyo mama yule hakwenda kuomba msaada. Familia yake ilikwisha kulipa.

Mgonjwa akipigwa picha, hospitali hupeleka madai kwa Mfuko. Kila picha ina bei yake. Katika bei hiyo imo gharama ya mashine, ya umeme, na ya mtu aliyeifanya kazi. Mpiga picha hana bei yake ya pembeni. Mfuko hulipa hospitali, haumpi yeye mkononi. Yeye hulipwa mshahara na mwajiri wake.

Hapa ndipo manung'uniko yanapoanzia, nadhani. Kumwona daktari kuna ada yake katika orodha ya Mfuko. Mpiga picha huona ada ya daktari imeandikwa, na yake haimo. Lakini ada ile nayo hulipwa hospitali. Wapiga picha ni wachache na kazi yao ni nyingi. Mimi nawaonea huruma. Hata hivyo, mwenye dai la mshahara amwendee mwajiri, asiende kwenye kanga ya mama alimofunga nauli.

Hospitali nayo hailipwi bila karatasi sahihi. Lazima kuwe na jina, namba ya kadi, ugonjwa, na picha iliyoagizwa na daktari. Nami niliwahi kukosea. Nilimwandikia mzee mmoja rufaa ya picha ya kifua, nikasahau kuandika sababu. Ilibidi aanze upya kwa daktari, akalala kwenye benchi hadi asubuhi. Tangu siku hiyo husoma barua yangu mara mbili kabla ya kumpa mgonjwa. Picha za gharama kubwa huombewa kwanza kibali cha Mfuko. Kungoja kibali si hila.

Kadi hazifanani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, uliza zahanati kadi yako inalipia picha gani. Ikiwa hailipii, utalipa mwenyewe. Lakini fedha halali hulipwa kwenye dirisha la malipo na utapewa stakabadhi. Ukiombwa fedha pembeni bila stakabadhi, mwone mganga mkuu wa hospitali. Unaweza pia kupiga simu TAKUKURU, namba 113. Simu hiyo ni ya bure.

Jambo jingine: sasa unajua kusoma. Ukitakiwa kutia sahihi kwamba umehudumiwa, soma kwanza. Kama umepigwa picha moja na karatasi inasema mbili, usitie sahihi.

Mama yule alirudi hospitali baada ya wiki nne kwa picha ya pili. Alisoma karatasi polepole, neno kwa neno, watu wakimngoja nyuma yake. Iliandikwa mkono wa kulia. Mtoto aliumia wa kushoto. Akairudisha kwa daktari, ikasahihishwa. Alipoombwa tena kitu kidogo, aliuliza dirisha la malipo liko wapi. Hakujibiwa. Mtoto alipigwa picha, na walirudi kwa basi.