Faili Limebadilishwa, Lakini Kompyuta Nyingine Inaonyesha la Zamani

Tuseme shule ina seva moja, na kompyuta zote za ofisi zinatumia folda moja iliyo kwenye seva hiyo. Mwalimu wa taaluma, akiwa kwenye kompyuta A, anasahihisha alama ya mwanafunzi kutoka 47 kuwa 74. Karani akitazama faili hilohilo kwenye kompyuta B anaona 47. Diski haijaharibika, wala mtandao haujakatika. Karani anasoma nakala iliyopitwa na wakati.

Nakala hiyo inatoka wapi? Chukua mfumo wa mafaili wa NFS, ambao kampuni ya Sun Microsystems iliubuni mwaka 1984. Kama kila usomaji ungepitia kwenye waya hadi kwenye seva, kazi ingekuwa ya polepole mno. Kwa hiyo kila kompyuta huweka sehemu za faili katika kumbukumbu yake yenyewe. Akiba hiyo ya muda huitwa kashe. Huweka pia taarifa za faili, yaani ukubwa wake na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Katika toleo la 3 la NFS, seva haibishi hodi kwa kompyuta B kusema faili limebadilika. Kompyuta B ndiyo inayopaswa kuuliza. Linux, usipogusa mipangilio yake, hukaa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuuliza tena kuhusu faili, na sekunde 30 hadi 60 kuhusu folda.

Kanuni ya kukariri ni hii: anayeandika akifunga faili, mabadiliko hupelekwa kwenye seva, anayesoma akifungua faili, kompyuta yake huiuliza seva kwanza. Kati ya kufungua na kufunga hakuna ahadi yoyote. Ukielewa hapo, mengi yanayobaki ni rahisi.

Ili kutafuta chanzo, usianze na kompyuta B. Nenda kwenye seva yenyewe, usome faili pale. Ukikuta 47, tatizo liko kwa mwandishi: huenda mwalimu hajahifadhi, au programu yake bado imeshikilia faili wazi. Ukikuta 74, rudi kwa msomaji. Mwambie karani afunge faili na kulifungua upya. Programu nyingi za kuandikia hupakia faili lote katika kumbukumbu yao mara moja, kwa hiyo hata ukisubiri saa nzima utaona 47 ileile, na NFS haina kosa. Ikiwa programu husoma faili tena na tena bila kulifunga, subiri sekunde 60. Bado la zamani? Yawezekana programu ya mwalimu iliandika faili jipya na kulipa jina lile la zamani, na kompyuta B bado imeshikilia lile la awali.

Wanafunzi wengi hujibu kwamba dawa ni kuzima kashe ya taarifa za faili kwa chaguo la noac. Jibu hilo ni nusu tu. Maombi kwa seva huongezeka, kasi hushuka, na hatari kubwa inabaki: karani aliyefungua faili lenye 47 akibadilisha jina moja na kuhifadhi, 74 ya mwalimu inafutika bila onyo lolote. Kinachozuia hilo ni kufuli la faili, ambalo mmoja hulishika kabla ya kusoma na kuandika huku mwingine akisubiri zamu. Programu zote mbili lazima zilitumie.

Usichanganye pia data ya zamani na kishikio cha zamani. Kishikio cha zamani huleta ujumbe wa hitilafu, kwa sababu faili lililoshikiliwa limefutwa kwenye seva. Data ya zamani haileti ujumbe wowote, na ndiyo maana inadhuru zaidi.

Swali la mfano: Kompyuta C inasema faili la matokeo halipo, ingawa liliundwa kwenye kompyuta A sekunde 10 zilizopita na linaonekana kwenye seva. Eleza. (Alama 3)

Jibu: Kompyuta C ilitafuta jina hilo kabla faili halijaundwa, ikahifadhi katika kashe kwamba halipo (alama 1). Muda wa taarifa za folda katika kashe hiyo haujaisha, hivyo haijaiuliza seva tena (alama 1). Isubiriwe hadi sekunde 60, kisha faili litafutwe upya (alama 1).