Moto Uliojificha Chini ya Hwange

Katika mji wa Hwange, magharibi mwa Zimbabwe, ardhi inawaka chini kwa chini. Tabaka za makaa ya mawe katika machimbo ya zamani zinaungua, udongo wa juu umebaki ganda jembamba, na watu, wakiwamo watoto, wamekwisha kutumbukia na kuungua vibaya. Mji huo si mgeni wa misiba. Tarehe 6 Juni, 1972, zama za utawala wa walowezi, mlipuko katika mgodi wa Wankie Namba 2 uliwaua watu 427. Hewa ya sumu na milipuko iliyofuata iliwazuia waokoaji, mgodi ukafungwa, na wengi wa marehemu hao wamo humo hadi leo.

Makaa ya mawe hayahitaji kiberiti. Yakikutana na oksijeni hujipasha joto yenyewe. Joto hilo lisipopata pa kutokea huongezeka polepole, na likivuka digrii 70 hivi za sentigredi huenda kasi mpaka moto ukawaka. Kuuzima ni taabu. Maji hufuata mteremko, yakapita katika nyufa chache na kuuacha moto salama pembeni. Gesi ya naitrojeni huvuja. Jeli za zamani za silikati ya sodiamu zilishika vema, lakini zile zilizogandishwa kwa chumvi za amonia zilitoa hewa ya amonia, ambayo ni hatari kwa wachimbaji walio ndani ya njia nyembamba.

Ndipo wataalamu, hasa wa China, walipogeukia jeli inayotii joto. Mojawapo hutengenezwa kwa methilselulosi, unga unaotokana na miti au pamba. Unga huo ukiyeyushwa katika maji baridi huwa ute mwepesi, unaopita katika bomba na kupenya nyufa. Ukifika penye joto la digrii 50 au 60, chembe zake huachana na maji yaliyozizunguka na kushikana zenyewe kwa zenyewe, ute ukaganda. Msikilizaji aliyezoea mafuta ya nazi, ambayo huganda kwa baridi, ataona kwamba hapa mambo ni kinyume. Kwa hiyo dawa huganda pale pale penye hatari, ikaziba nyufa, ikaizuia hewa na kuyashikilia maji juu ya makaa.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa ni muujiza. Maji yaliyomo katika jeli huchemka kama maji mengine, na mbele ya moto mkubwa jeli hukauka. Nguvu yake iko mwanzoni, makaa yanapoanza tu kupata joto. Wakati huo hakuna moshi. Kinachotoa habari ni kipimo cha kaboni monoksaidi, gesi yenye kuua isiyo na rangi wala harufu. Askari anayelinda machimbo yaliyoachwa asitegemee pua yake.

Huko Hwange hatua hiyo ilikwisha kupita zamani. Kwa moto ulioenea namna ile, kazi iliyobaki ni kuyachimbua makaa yanayowaka, kufukia nyufa kwa udongo, na kuweka uzio ili watu wasikanyage ardhi hiyo.